Wimbo Kabla ya Habari: Redio ya Bujumbura Iliyoitwa Tumaini

[Muziki wa utambulisho. Unashuka na kuzima kabisa kabla mtangazaji hajaanza kusema.]

   

Mmesikia kitu leo? Muziki umezima kabla sijasema neno. Siku zote huwa tunauacha upite chini ya sauti yangu, kama maji chini ya daraja. Leo tumeuzima, na mtambo ni mzima, msiwe na wasiwasi. Sababu nitaieleza, ila itabidi kwanza tupite Bujumbura, na njia yenyewe ina kona.

Wiki tatu zilizopita nilikwenda kukaa na kikundi kimoja cha wasikilizaji, kina mama wengi na wazee wachache. Tulikuwa tumewasikilizisha kipindi cha posho. Kilipokwisha nikauliza kama kawaida, ujumbe umeeleweka? Mama mmoja akanyanyua mkono. Akaniambia, "Mwanangu, ninyi mna akili sana. Mnatupigia Kidum, tunaanza kutikisa kichwa, halafu tukiwa katikati ya kutikisa kichwa mnatuambia chakula kimepunguzwa. Siku hizi nikiusikia wimbo ule tumbo linanikata hata kama hakuna tangazo."

Watu wakacheka sana. Mimi nilicheka kwa adabu tu, kwa sababu niliona amesema kweli. Posho ilipopunguzwa mwaka 2023, nani aliyechagua wimbo wa kutangulia lile tangazo? Ni mimi. Nilichagua wimbo mtamu makusudi, nikidhani nawasaidia watu kuipokea habari. Jibu la kumpa mama yule sikuwa nalo. Nikamwambia nitalitafuta, na nililolipata ndilo nawaletea leo.

Kila redio duniani ina saa yenye dakika sitini, hakuna iliyopewa sitini na moja. Lazima mtu akae na karatasi aamue: hapa habari, hapa wimbo, hapa tangazo, hapa wimbo tena. Msikilizaji haioni ile karatasi, lakini anaijua kwa masikio. Nyumbani kwetu Buyenzi, nikiwa mtoto, mama alikuwa akisikia ala fulani ya polepole isiyo na mwimbaji, anaiacha sufuria jikoni na kuja kusimama mlangoni. Ilikuwa ala ya matangazo ya vifo. Hakuna aliyewahi kumfundisha kwamba ala ile maana yake ni msiba. Aliizoea tu, na mwili wake ukajua kabla jina la marehemu halijasomwa. Muziki wa redio ni lugha ya pili, na wengine huitumia vizuri, wengine vibaya.

Bujumbura, kwa wasioijua, ilikuwa ikiitwa Usumbura mpaka uhuru wa mwaka 1962. Kwa miaka mingi redio iliyotawala masikio ya mji ilikuwa ya serikali, na mpaka leo ina idhaa mbili, moja ya Kirundi, nyingine ya Kifaransa, Kiswahili na Kiingereza. Huo mpango wa lugha peke yake unakupa picha ya mji wenyewe. Ukitoka Buyenzi, mtaa wa Waswahili, ukavuka kwenda Bwiza, ukapanda mjini, utakuwa umesikia lugha zote hizo kabla hujatoa jasho. Na nyimbo ni hivyohivyo. Rumba ilivuka ziwa kutoka Kongo. Dansi na taarab, na baadaye bongo fleva, zilipanda kutoka Tanzania. Zouk ilikuja kutoka visiwa vya mbali vya Karibi, na vijana wa Bujumbura wakaipenda kama vile imezaliwa Kinama. Juu ya hayo kulikuwa na wa kwetu: okestra Amabano, Canjo Amissi, Jean-Christophe Matata. Majina haya nikiyataja hapa kambini naona wazee wanainama kidogo, kama mtu aliyeitwa kwa jina la utotoni.

Kisha ikaja vita. Rais Melchior Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993, na nchi ikaingia kwenye moto wa miaka mingi. Sitawaeleza vita, wengi wenu mnaijua kuliko mimi, mimi sikuwa nimezaliwa. Nataka tuitazame redio tu.

Jirani Kigali, tangu Julai 1993 mpaka Julai 1994, kulikuwa na redio iliyoitwa RTLM. Dunia nzima inaijua kama redio ya chuki. Lakini waulizeni Wanyarwanda walioisikia miezi ya kwanza, watawaambia kwa nini watu waliifungua: ilikuwa inafurahisha. Ilipiga muziki wa Kongo wa kisasa, watangazaji wake walicheka na kutaniana kama watu walioko baa, wakati redio ya taifa ilikuwa ngumu kama barua ya ofisi. Watu walikwenda kwa ajili ya wimbo. Katikati ya nyimbo wakalishwa sumu, kijiko baada ya kijiko, mpaka siku ambayo redio ileile ilikuwa inaita watu kwa majina wauawe. Desemba 2003, mahakama ya kimataifa pale Arusha iliwatia hatiani wawili kati ya waliokuwa viongozi wa redio hiyo. Burundi nayo, miaka ya 1994 na 1995, kulikuwa na redio ya kificho iliyojulikana kwa jina la Rutomorangingo, ikisikika kutoka upande wa mpaka wa Kongo. Watu waliisikiliza kwa sauti ya chini, redio ikiwa chini ya shuka.

Ndiyo maana naogopa kidogo ninapochagua wimbo. Wimbo ni mlango, na mlango haujui ni nani anayeingia.

Sasa fikirini watu waliokaa Bujumbura wakati ule wakijiuliza, tufanye nini? Kuifunga redio mbaya hawakuweza. Wakaamua kujenga nyingine, na wakaichukua silaha ileile ya nyimbo.

Mwaka 1995 shirika la Kimarekani la Search for Common Ground lilifungua studio mjini, ikaitwa Studio Ijambo. Ijambo kwa Kirundi ni neno. Studio hii haikuwa na mnara wala masafa yake. Ilikuwa jiko bila mkahawa: wanapika vipindi, kisha wanawapelekea wenye redio wavirushe. Waandishi wake walikuwa Wahutu na Watutsi, na kwenda kuchukua habari mtaa fulani waliweza kwenda wawili wawili, mmoja na mmoja, kwa sababu mtaa ambao mmoja angeuawa, mwenzake angepita. Kutoka hapo mwaka 1997 ukaanza mchezo wa redio ambao mama zenu wanaukumbuka, Umubanyi Niwe Muryango, maana yake jirani ndiye ndugu, ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri. Familia mbili, moja ya Kihutu, moja ya Kitutsi, ua mmoja katikati yao. Ulirushwa kwa mamia ya sehemu. Hapa kambini kuna mtu mzima anayeweza kukusimulia sehemu hizo kwa mfuatano, na ukimkatiza anaanza upya.

Na mwaka 1996 ikaja redio ninayotaka tuizungumze hasa. Iliitwa Umwizero, yaani tumaini. Ilianzishwa na shirika la Bernard Kouchner, yule daktari Mfaransa ambaye mwaka 1971 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa MSF, hao hao mnaowajua kwa mahema yao meupe. Fedha zilitoka Umoja wa Ulaya. Watangazaji walikuwa Warundi, wa makabila yote, wakikaa meza moja wakati mji wenyewe ulikuwa umegawanyika mtaa kwa mtaa. Ilianzishwa ikiwalenga vijana, na vijana hawaji kwa hotuba. Wanakuja kwa muziki. Basi muziki ukawekwa mbele, na ujumbe wa amani ukapangwa katikati ya nyimbo.

Mnaona sasa? Karatasi ni ileile. Wimbo, maneno, wimbo, maneno. Kigali waliitumia kuua, Bujumbura wakaitumia kujaribu kuzuia watu wasiuane.

Nilipofika hapa kwenye utafiti wangu nilifurahi sana, nikasema nimepata jibu la mama: muziki wenyewe si kosa, kosa ni kinachofuata. Nikataka kuandika hivyo na kumaliza. Bahati nzuri nikakutana na mzee.

Mzee huyu ni kinyozi. Hapa kambini ananyoa, na wakati ule alikuwa ananyoa Bujumbura, karibu na mpaka wa mitaa miwili ambayo haikuwa ikisalimiana. Jina lake sitalitaja, ameniomba, ingawa nusu ya zoni yake wameshamtambua na wanacheka. Nilimuuliza, mzee, Umwizero uliisikiliza? Akazima mashine ya kunyolea, mteja akabaki na nusu kichwa.

Akasema, "Binti yangu, miaka ile redio ilikuwa kitambulisho. Ukifungua redio ya serikali, mteja mmoja anakutazama. Ukifungua ile nyingine ya kificho, hata usinitajie, unakufa. Ukinyamaza kabisa bila redio, watu wanasema huyu anasikiliza nini nyumbani? Ilipokuja hii ya muziki nikaiweka mlangoni, sauti juu. Nani atakuua kwa kusikiliza zouk? Mteja wa huku anakaa, mteja wa kule anakaa, kila mmoja anatikisa mguu. Habari zikija tunazisikia wote pamoja, na hakuna aliyechagua."

Nikamuuliza, kwa hiyo muziki ulikuwa unawadanganya ili msikie habari? Akacheka mpaka akakohoa. "Hapana. Ulikuwa unatupa ruhusa ya kukaa chumba kimoja."

Maneno hayo nimeyabeba wiki nzima.

Baada ya miaka michache Umwizero ikaingia mikononi mwa Warundi wenyewe na kubadili jina, ikawa Bonesha FM. Kubonesha kwa Kirundi ni kumulika, kufanya kitu kionekane. Jina la kwanza lilikuwa la kutumaini na la pili la kuonyesha, na nadhani aliyebadili alijua anachofanya, kwa sababu redio ikakua: muziki ulibaki, ila habari na mijadala vikaongezeka. Nyingine nazo zikachipuka. Mwaka 2001 ikaanza Redio Publique Africaine, RPA, ya mwandishi Alexis Sinduhije. Novemba 2002 ikaanza Isanganiro, iliyoundwa na waandishi waliotoka Studio Ijambo. Isanganiro ni mahali watu wanapokutana. Tazama majina haya yote, neno, tumaini, kumulika, makutano. Ukiyasoma kwa mfuatano unajua vita vilikuwa vimewanyima watu nini. Na huku Tanzania, Ngara, Wajesuti wanaohudumia wakimbizi walikuwa tangu 1995 wameshafungua Redio Kwizera, jina la ukoo mmoja na Umwizero. Tumaini moja lilikuwa mjini Bujumbura, lingine lilikuwa kwa waliokimbia.

Jambo moja la redio hizo za Bujumbura linanipa wivu wa kazi. Uchaguzi wa mwaka 2005 ulipofika, badala ya kila moja kukimbilia kuwa ya kwanza, redio kadhaa ziliungana. Waandishi wa redio tofauti walitawanyika nchi nzima, wakaleta habari kwenye meza moja, na habari hiyo ikatoka kwenye masafa mengi kwa wakati mmoja. Ukihama kutoka redio moja kwenda nyingine unakuta kitu kilekile. Uvumi ukakosa pa kukaa. Msikilizaji aliyechoka aliweza kuzima na kulala.

Vijana wananiuliza, mbona redio za Bujumbura Uvira zinasikika, hapa kwetu hazisikiki? Masafa ya FM huenda kama mwanga wa tochi. Kati ya Bujumbura na Uvira ni ziwa na tambarare, hakuna cha kuzuia. Kati ya Bujumbura na sisi kuna milima imesimama. Ndugu zetu wa Uvira na Fizi mlioko humu mlikulia kwenye nyimbo za Bujumbura kuliko Warundi wengi wa mabondeni, na mara nyingine mnazijua kutushinda. Nitalirudia hili.

Sasa nifike mwaka 2015. Kipindi hiki hakifanyi siasa, na mhariri wangu ameniketia hapa pembeni na kalamu nyekundu, kwa hiyo nitasema kilichotokea tu. Tarehe 13 Mei 2015 kulitangazwa jaribio la kuipindua serikali. Siku hiyo na usiku wake, vituo vya redio mjini vilishambuliwa na kuharibiwa: RPA, Bonesha, Isanganiro, Renaissance, na pia Rema FM iliyohesabiwa kuwa upande wa serikali. Redio za pande zote ziliungua ndani ya saa chache.

Mimi nilikuwa na miaka kumi. Asubuhi baba alifungua redio yake, ile ya mawe manne, kama tunavyoyaita mawe sisi. Akazungusha kitufe. Shhhh. Akazungusha tena. Shhhh. Akatoa mawe, akayang'ata kidogo kama watu wanavyofanya, akayarudisha. Akaipeleka dirishani. Mama akamwambia mawe ni mapya, umeyanunua juzi. Baba akajibu, "Najua." Akaendelea kuzungusha. Jirani zetu wote walikuwa nje na redio zao, kila mmoja akidhani ni yake iliyokufa. Nimesikia milio mingi ya kutisha katika maisha yangu. Ule mlio wa shhhh, unaotoka nyumba kwa nyumba, bado sijausahau.

Hatukujua nini ni kweli. Mtu anapita anasema hivi, mwingine anapita anasema vile. Baba alisema, bila redio hatuwezi kukaa, kwa sababu hatutajua lini tukimbie. Siku chache baadaye tukaondoka.

Wengi wenu mlipita Kagunga, sihitaji kuwaeleza ule ufukwe, watu maelfu kati ya mlima na maji, na kipindupindu. Mlipanda Liemba, ile meli ya Wajerumani ya tangu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mkashukia Kigoma, mkalala uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, mkaletwa Nyarugusu kwa basi. Mimi nina picha moja tu ya Kagunga isiyo ya maji wala ya ugonjwa. Kulikuwa na kijana mwenye simu yenye memori kadi. Jioni aliiweka ndani ya kikombe cha bati ili sauti iwe kubwa, akapiga nyimbo za Kidum. Watu wakasogea. Hawakujuana. Kuna waliokuwa wanatazamana kwa mashaka mchana ule kwenye foleni. Kidum mwenyewe, kwa msiojua, ni mtoto wa Bujumbura aliyeikimbia vita mwaka 1995 akaenda Nairobi, na ni huko ukimbizini alikoitoa Yaramenje, albamu yake ya kwanza, mwaka 2001. Kwa hiyo ilikuwa mkimbizi anawaimbia wakimbizi kutoka ndani ya kikombe. Chaji ikaisha. Hakuna aliyeondoka kwa muda.

Mzee kinyozi aliposema "ruhusa ya kukaa chumba kimoja", mimi nilikiona kile kikombe.

Zile redio za mjini, kwa mnaotaka kujua: Isanganiro na Rema ziliruhusiwa kurudi hewani Februari 2016. Bonesha ilisubiri mpaka Februari 2021. Karibu miaka sita ya ukimya kwa redio iliyozaliwa ikiitwa Tumaini. Wengine waliokuwa watangazaji wake walitawanyika nchi za watu, kama sisi.

Sasa nirudi kwa mama wa kikundi, kwa sababu nilimwahidi jibu na nimezunguka sana.

Mama, wewe na mzee kinyozi mnaonekana kupingana, lakini hampingani. Mzee anasifu muziki uliowaweka watu pamoja ili wasikie habari wakiwa wameinua kichwa. Wewe unalaumu muziki niliouweka ili usiinue kichwa. Nilikupa wimbo kama tunavyompa mtoto kipande cha muwa ili asione sindano. Lakini wewe si mtoto, na posho si sindano ya kuchomwa na kusahau. Ulihitaji kulisikia lile tangazo ukiwa umetulia, upige hesabu, uamue kesho watoto wanakula nini. Mimi nikakuwekea ngoma chini yake.

Kwa hiyo tumekaa, mimi na wenzangu wa kipindi na mhariri mwenye kalamu nyekundu, tukakubaliana. Kuanzia leo tangazo lolote la posho, la chanjo, la shule, la safari za kurudi nyumbani kwa hiari, halitawekewa muziki chini yake. Litasomwa kavu, mara mbili, polepole, Kiswahili kisha Kirundi. Kabla yake kutakuwa na mlio mmoja mfupi, ule wa kengele, na hauna wimbo wowote ndani yake, ili mjue: hapa panasemwa jambo. Habari ikiwa mbaya mtaisikia ikiwa mbaya. Wimbo utakuja baadaye, na mkitaka kuzima kabla haujaja, ni haki yenu. La safari za kurudi nyumbani ndilo lililotuchukua muda mrefu zaidi kuamua. Mtu anayepima kurudi au kubaki anapima maisha yake yote. Wimbo wa nyumbani ukimjia sikioni dakika ileile, nani anayeamua, yeye au wimbo?

La pili ni aibu yangu ndogo. Nilichukua karatasi zetu za miezi iliyopita nikahesabu nyimbo. Za Kirundi nyingi, bongo fleva nyingi, za Kongo chache mno, na katika za Kirundi nyingi ni zile ninazozipenda mimi. Hakuna aliyeniagiza. Mkono ulikwenda wenyewe. Humu kambini kuna Wakongo waliokuwa hapa tangu miaka ya tisini, wametutangulia, wakatupokea, na wanaisikia redio ya wakimbizi ikipiga nyimbo za wageni wao. Ndugu wa Uvira, Fizi na Baraka, nisameheni. Kuanzia sasa karatasi ya nyimbo ya wiki itabandikwa kwenye ubao wa kituo cha usikilizaji kila Jumatatu, mtu yeyote aje ahesabu. Na anayetaka wimbo aandike kwenye kisanduku cha maoni. Asiyejua kuandika amwambie kiongozi wa kikundi. Msiandike matusi kwa mtangazaji, au andikeni machache.

Kuna aliyeniuliza kwa nini tusifanye salamu, mtu wa zoni moja amsalimie wa zoni nyingine. Tutafanya. Nafasi ni dakika kumi za Ijumaa, na jina la mtu halitasomwa bila yeye mwenyewe kukubali, maana humu ndani kuna watu wanaotafutwa na wasiopenda kupatikana. Hilo mzee kinyozi amenisisitizia kwa kunionyesha mkasi.

Sasa mzee ameomba wimbo. Nilidhani ataomba zouk. Ameomba inanga ya kunong'ona. Vijana, kwa msiowahi kuiona: ni ubao uliochimbwa kama karai refu, na uzi mmoja unaozungushwa kutoka ncha hadi ncha mpaka unakuwa nyuzi kadhaa. Mpigaji haimbi kwa sauti. Ananong'ona, na nyuzi ndizo zinazoyabeba maneno yake. Ni muziki wa mtu mmoja na wachache waliomzunguka usiku. Kwenye spika ya sokoni unapotea kabisa, ndiyo maana sijawahi kuupiga. Mhariri alisema hautasikika. Mzee akasema, waambie wanyamaze.

Basi nawaambia. Wenye mashine ya kusaga, dakika nne tu, tafadhali. Wenye pikipiki zimeni. Mama, watoto wasogee karibu na spika, wasiisukume. Sitasema neno juu yake, na ukiisha hakuna tangazo linalofuata. Mzee, weka mashine ya kunyolea chini, mteja atasubiri.

[Kimya cha sekunde tano. Inanga, mpaka mwisho wake. Hakuna sauti ya mtangazaji baada yake.]